Uzi maalumu: Gari la zamani linasumbua? Pima kwanza, spea baadaye

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimeona nifungue uzi huu kwa ajili yetu sisi tunaoendesha magari yaliyokwisha kula kilomita zake. Kila mara namwona mtu amebadilisha betri, akaja akabadilisha alternata (inayochaji betri), mwisho stata, na asubuhi gari bado haliwaki. Spea alizozitoa zilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa waya mmoja ulioshika kutu. Jambo hili linaniuma, maana ugonjwa ulikuwa unaonekana, ila hakuna aliyeupima.

Msimamo wangu ni huu: hainunuliwi spea mpaka kipimo kiseme. Gari la zamani lina uzuri wake hapa, kwa sababu mengi yanapimika kwa multimita (mita ya umeme) ya kawaida, taa ya mkononi, jeki, na masikio yako mwenyewe.

Naanza na umeme wa kuwasha, kwa sababu ndiko spea nyingi zinakotupwa bure.

Pima betri gari likiwa limelala usiku kucha, kabla hujagusa ufunguo. Betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, na ikifika 12.0 iko karibu kwisha. Mwambie mtu apige stata huku macho yako yako kwenye mita. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, ama betri imechoka, ama stata inakula umeme kupita kiasi. Gari likishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alternata haichaji. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na betri inakaangwa taratibu.

Watu wengi wanaishia hapo. Kipimo kinachookoa spea ni hiki kinachofuata.

Weka waya mweusi wa mita kwenye nguzo hasi ya betri, mwekundu uguse chuma kitupu cha bloku ya injini. Piga stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapotea njiani, kwenye waya wa athi unaotoka betri kwenda kwenye injini. Fanya hivyohivyo upande wa chanya: nguzo chanya ya betri mpaka bolti kubwa ya stata. Hapo isizidi 0.5. Usiridhike kwa kutazama waya kwa macho. Kuna gari niliitiwa ambalo betri yake ilisoma 12.6 safi, ila kila ukipiga stata unasikia "tak" tu. Kati ya bloku na nguzo hasi palikuwa panapotea zaidi ya volti 4. Nilipofungua bolti ya athi, juu palikuwa pasafi kabisa, lakini chini ya kile kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani uliochanganyika na kutu, na chuma chake kimeliwa mpaka kinakwaruza kucha. Msasa, bolti mpya, grisi kidogo juu yake, stata ikazunguka kwa nguvu zake zote. Mwenye gari alikuwa ameshashawishika kununua stata nyingine.

Masikio nayo yana kazi yake. Ukisikia "tak-tak-tak-tak" ya harakaharaka, mashaka yaende kwenye betri au miunganisho yake. "Tak" moja nzito na taa za dashibodi hazififii, mara nyingi ni shaba za ndani ya solenoidi ya stata (swichi yake kubwa ya umeme) zimelika. Kwenye aina nyingi za stata shaba hizo zinabadilishwa peke yake.

Betri ikiwa inakufa gari likilala siku mbili tatu, kuna kitu kinakunywa umeme. Ng'oa waya wa hasi kwenye betri, unganisha multimita katikati ikiwa kwenye ampia, funga milango yote, subiri nusu saa vitu vilale. Gari zima lisizidi miliampia 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Ile iliyoishusha ndiyo njia ya kufuata. Ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, chomoa waya mnene wa alternata, maana dayodi yake ikivuja inanyonya betri usiku kucha huku mchana inachaji kama kawaida. Angalizo: mita ikiwa imeungwa hivyo usithubutu kupiga stata, utaiunguza.

Mwenye swali aweke dalili kamili: linafanya nini, likiwa baridi au moto, likiwa limesimama au linatembea. "Gari linazingua" haitusaidii.

#2 – Mchangiaji

Shukrani mkuu, uzi umekuja wakati wake. Langu linachemsha. Nikiwa kwenye foleni sindano ya joto inapanda mpaka juu, nikitoka na kukimbia kidogo inashuka yenyewe. Fundi ameniambia gasketi ya silinda hedi (ile iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini) imekufa, hedi ing'olewe. Injini ya petroli, feni ya umeme. Maji hayapungui sana.

#3 – Mleta uzi

Mkuu, usikubali hedi ing'olewe kwa dalili hiyo. Linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likikimbia, kwanza linakosa upepo. Ukikimbia, hewa ya barabarani inafanya kazi ya feni. Kinyume chake, linalochemsha ukikimbia au ukipanda mlima na kutulia likisimama, hapo fikiria rejeta iliyoziba kwa ndani, au maji yasiyozunguka vizuri.

Fanya hivi. Washa gari, washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza muda mfupi baadaye. Isipoanza, chomoa soketi ya feni, ipe umeme moja kwa moja kutoka betri kwa nyaya mbili zenye fyuzi katikati. Ikizunguka kwa nguvu, feni ni nzima, tatizo ni rilei (swichi ndogo ya umeme), fyuzi, au swichi ya joto iliyo kwenye rejeta. Isipozunguka, au ikizunguka kivivu, mota ndiyo imekufa. Angalia pia kama mtu aliwahi kuifunga nyaya kinyume: feni inazunguka ila inasukuma hewa upande usio wake. Shika karatasi mbele ya rejeta. Inapaswa kuvutwa, isipeperushwe.

Wenye feni ya kuvutwa na mkanda: zima injini ikiwa moto, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe na uzito. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa bila kukataa, klachi yake ya mafuta imekwisha.

Usisahau kofia ya rejeta. Ile namba 0.9 au 1.1 juu yake ni shinikizo inaloshikilia, kwa kipimo cha baa. Shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Mpira wa kofia ukipasuka, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye kile chupa cha akiba, wewe unadhani gasketi. Na jamani, kofia haifunguliwi injini ikiwa moto. Maji yale yanaruka usoni kama mvuke, nimeona mtu aliyeungua.

Gasketi nayo ina vipimo vyake. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kofia, jaza maji, washa. Viputo vikiendelea kupanda mfululizo dakika hadi dakika hata baada ya hewa ya kawaida kutoka, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja wakati maji hayajapata hata joto, ni dalili ileile. Kuna pia kile kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Gesi ya injini ikipita inageuka njano. Mwambie fundi wako akufanyie hicho ukiwa umesimama hapo.

Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake haumtoshi mtu kulaumu gasketi. Gari linalotembea safari fupifupi tu hukusanya unyevu pale juu. Vuta kijiti cha oili. Kama huko nako kuna rangi ya chai ya maziwa, sasa hilo ni jambo jingine.

#4 – Mchangiaji (fundi)

Mkuu umeeleza vizuri, lakini kwa uzoefu wa gereji magari haya ya zamani dawa yake ni kung'oa thamostati tu, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto. Maji yanapita muda wote, halichemshi tena. Tumefanya kwa wateja wengi.

#5 – Mleta uzi

Fundi, hapa naomba tupingane kwa heshima, maana jambo hili lina madhara ya polepole ambayo mteja hayaoni siku hiyo.

Thamostati nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Ukiiondoa, injini inatembea muda mrefu ikiwa chini ya joto lake. Kwenye gari la injekta, kompyuta inasoma sensa ya joto na kuamini injini bado baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Ulaji unapanda, plagi zinakuwa nyeusi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zinalika. Tena kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha pili kwa nyuma ambacho kikifika joto kinaziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupitia rejeta kabisa. Gari la namna hiyo linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo.

Thamostati inapimwa kwenye sufuria: ining'inize kwa uzi ndani ya maji, weka moto, weka kipimajoto. Namba imegongwa kwenye mwili wake. Isipofunguka inavyotakiwa, weka mpya yenye namba ileile.

#6 – Mchangiaji (fundi)

Hoja ya njia ya mkato naikubali, kuna injini ilinisumbua kwa sababu hiyohiyo. Niongeze: watu waache maji ya bomba matupu. Hedi ya alumini inaliwa, pampu ya maji inashika kutu na sili yake inaanza kuvuja. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo. Ukiona alama nyeupe au ya kutu imeshuka kutoka hapo, pampu imeanza safari ya kufa. Kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu, maji yaliyochujwa madini nusu.

#7 – Mchangiaji

Wakuu, mimi taa ya cheki injini inawaka, gari linamisi (linakosa mapigo) likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyaga mafuta, linatetemeka. Nimepima kwenye mashine ikatoa P0171 na P0302. Muuza spea kasema ninunue sensa ya oksijeni na injekta zote nne. Nifanyeje?

#8 – Mleta uzi

Usinunue chochote bado. Kodi inakuambia kompyuta imeona nini, haikuambii spea gani imekufa. P0302 maana yake silinda ya pili inakosa mapigo. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa hiyo, na mara nyingi inasema kweli.

Anza na P0302 kwa njia isiyo na gharama. Toa koili (inayotoa umeme wa cheche) ya silinda ya pili, ibadilishane na ya silinda ya tatu. Futa kodi, tembeza gari, soma tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu, umeikamata. Ikibaki P0302, rudia kwa plagi. Ikibaki tena, ndipo uifikirie injekta au kompresheni (mgandamizo wa silinda). Ukiitoa plagi itazame: kahawia hafifu ni afya, nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi, nyeusi yenye ulowevu wa mafuta ni oili inayopanda, nyeupe iliyochomeka ni joto kubwa au petroli kidogo.

Kwa P0171, mashine yako kama inaonyesha data hai, tafuta namba za marekebisho ya petroli, zile za asilimia, hasa ya muda mrefu. Kwenye injini nzima inazunguka karibu na sifuri, ikicheza ndani ya asilimia 10 juu au chini. Isome gari likiwa sailensi, kisha likiwa kwenye mizunguko 2500. Ikiwa sailensi ni kubwa, mathalani 20 na zaidi, halafu 2500 inarudi karibu na kawaida, kuna hewa inaingia kinyemela baada ya throto (mlango wa hewa wa injini). Ikiwa sailensi iko sawa na inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, petroli haitoshi: filta imeziba, pampu imechoka, au sensa ya hewa ni chafu na inapima pungufu.

Kwa sababu lako linatetemeka sailensi, naweka macho kwenye hewa ya wizi. Magari ya umri huu mipira midogo ya vakyumu (uvutaji hewa) inakauka na kupasuka pale inapokunjika, sehemu usiyoiona mpaka uipinde. Kagua mpira mkubwa kutoka boksi la hewa hadi throto, hasa kwenye mikunjo yake ya chini. Kagua mpira wa sevo ya breki (inayoongeza nguvu ya mguu). Kagua gasketi ya intake (njia ya hewa kuingia kwenye silinda). Puliza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio huku injini inanguruma. Sauti ikibadilika, umefika. Watu hutumia dawa ya kusafishia kabureta, mimi siipendi karibu na ekzosti ya moto. Intake ikivuja karibu na silinda ya pili, hata hiyo P0302 inaweza kuondoka yenyewe.

#9 – Mchangiaji

Langu ni la mwaka 1994, halina hata ile soketi ya mashine. Taa inawaka nifanyeje?

#10 – Mleta uzi

Soketi moja ya aina ile ya pini 16 ilikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na njia yake, na nyingi zinasomeka bila mashine. Kwa mfano Toyota za enzi hizo zina kiboksi kidogo chini ya boneti. Fungua kifuniko chake, ndani yake michoro inaonyesha TE1 na E1. Ziunganishe kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, usikanyage mafuta, tazama taa ya injini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, ni 22, yaani mkondo wa sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 41 ni sensa ya throto. Gari lako kama ni la kampuni nyingine, tuandikie aina na injini. Ila usiunganishe pini yoyote kwa kubahatisha.

Na kwenye 22, kabla ya sensa, chomoa soketi yake uangalie pini. Kutu ya kijani humo inatosha kuiwasha taa.

#11 – Mchangiaji

Mimi breki. Nikikanyaga gari linavuta kulia, na rimu ya mbele kulia inakuwa ya moto sana kuliko kushoto. Nimebadilisha kalipa (inayobana pedi) ya kulia, bado vilevile.

#12 – Mchangiaji (fundi)

Mpira wa breki, ndugu. Ule mpira mweusi unaotoka kwenye bomba la chuma kwenda kwenye kalipa huvimba na kuchanika kwa ndani huku nje unang'aa. Ukikanyaga, mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite. Ukiachia, mafuta yanakosa njia ya kurudi kwa sababu kile kipande kilichochanika kinaziba. Kalipa inabaki imebana.

Thibitisha kwanza. Piga jeki gurudumu la kulia, weka stendi chini, kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa, achia. Zungusha gurudumu. Likiwa limekaza, fungua kidogo niplesi ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea papo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa, kalipa haina kosa. Funga niplesi, kanyaga tena likaze, safari hii fungua kidogo ule muunganiko ambapo bomba la chuma linakutana na mpira. Ikiwa huko hakuna presha na gurudumu bado limekaza, mpira ndio uliobana. Ikiwa huko nako linalegea, angalia juu zaidi, masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) au pedali isiyorudi mpaka mwisho. Gurudumu likibaki limekaza hata niplesi ikiwa wazi, basi ni pistoni ya kalipa au zile pini zinazoteleza zimekauka.

Badilisha mipira ya mbele yote miwili, ina umri mmoja.

#13 – Mleta uzi

Naunga mkono kila neno. Nitaongeza tu habari ya pedali, maana breki si mahali pa kusema "nitaangalia wiki ijayo".

Pedali laini inayopanda ukipampu: hewa imo ndani. Pedali inayozama taratibu hadi chini ukiwa umeikanyaga kwa uzito uleule kwenye taa nyekundu, na mafuta hayavuji popote: sili za ndani za masta silinda zimepita. Pedali ngumu kama jiwe: jaribu sevo. Zima injini, pampu mara tano sita, shikilia mguu, washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo injini inapowaka. Isipozama, sevo au mpira wake wa vakyumu una hitilafu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230, yakiingia maji kiwango chake cha chini ni 155. Ukiteremka mlima mrefu breki zikipata moto, mafuta ya zamani yanatoa mvuke na pedali inakwenda chini bila kushika. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

#14 – Mchangiaji

Gari langu linatoa moshi wa bluu asubuhi tu nikiwasha, kisha unaisha. Nimeambiwa injini nzima ifunguliwe.

#15 – Mleta uzi

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, swali ni imepita wapi. Unaotoka mara tu ukiwasha gari lililolala na kukatika baada ya muda mfupi, mara nyingi ni zile sili ndogo za valvu zilizokauka: oili inateremka polepole usiku kwenye silinda. Kwenye injini nyingi sili hizo zinabadilishwa bila kung'oa hedi. Unaotoka kila ukikanyaga na kupanda mlima, shaka iende kwenye ringi za pistoni.

Kabla ya yote, angalia valvu ya PCV, ile inayoondoa gesi ndani ya injini. Ikiziba, presha inajaa humo na oili inasukumwa kila mahali. Kisha pima kompresheni, plagi zote zikiwa nje, throto imekanyagwa mpaka mwisho. Injini nyingi za petroli nzima husoma kati ya baa 10 na 13, lakini la muhimu zaidi ni silinda zilingane. Tofauti ikipita asilimia 15 kuna jambo. Kwenye ile iliyo chini, weka kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi.

Moshi mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto, wenye harufu tamu, ni kulanti.

#16 – Mchangiaji

Swali langu: linazima lenyewe likishapata moto, nikisubiri kama nusu saa linawaka kama hakuna kilichotokea. Kila nikifika kwa fundi limeshapona.

#17 – Mleta uzi

Ugonjwa huu unakamatwa pale pale lilipozimia, kwa hiyo beba kifaa cha kupimia cheche za plagi kwenye gari. Likizima, usisubiri. Piga stata ukiangalia sindano ya RPM (mizunguko ya injini). Isipojigusa kabisa wakati injini inazunguka, sensa ya krenki (shafti kuu ya injini) inashukiwa kwanza. Waya wake wa ndani hukatika ukitanuka kwa joto na kuungana ukipoa. Ifunike sensa hiyo kwa kitambaa chenye maji ya baridi, tazama kama litawaka mapema kuliko kawaida.

Sindano ikicheza lakini cheche hakuna, angalia koili na moduli ya ignisheni (kifaa kinachoamuru cheche). Cheche zipo, sikiliza pampu ya petroli: fungua ufunguo, kwenye magari mengi inaunguruma kama sekunde mbili nyuma ya gari. Kwenye baadhi ya ya zamani haiungurumi mpaka upige stata, kwa hiyo mwambie mtu apige huku wewe sikio lako liko karibu na tangi. Kimya? Pima umeme kwenye soketi ya pampu. Umeme upo na pampu kimya, pampu. Umeme haupo, rudi kwenye rilei, maana rilei za umri huu lehemu zake hupata ufa ndani na kukataa kazi zikipata joto.

#18 – Mchangiaji

Na mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki na kamshafti (shafti ya valvu)? Nimenunua gari, sijui ulibadilishwa lini, odomita inasema 140,000.

#19 – Mchangiaji (fundi)

Kwanza hakikisha lina mkanda, maana nyingine zina cheni, na cheni husikika ikilegea: mlio wa kukwaruza kama wa kokoto sekunde chache baada ya kuwasha asubuhi. Kama ni mkanda, injini nyingi zinataka ubadilishwe kati ya kilomita 60,000 na 100,000 au kwa umri wa miaka, hata kama gari halijatembea. Tazama kitabu cha gari lako. Huna rekodi wala stika chini ya boneti, ubadilishe sasa. Kwenye injini ambazo valvu na pistoni zinagusana, mkanda ukikatika valvu zinapinda hapohapo.

Kuufungua ni kazi ndefu, kwa hiyo weka pamoja na tenshena (inayokaza mkanda), puli yake, sili ya mbele ya krenki na sili ya kamshafti. Kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, nayo itoke. Ukishafunga, zungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili kamili kwa mkono, alama zirudi mahali pake bila chochote kukwama, ndipo uguse ufunguo. Andika kilomita na tarehe kwenye kipande cha utepe, ubandike juu ya kifuniko cha mkanda.